Azalea ya Dada Yangu

Dada yangu mkubwa alirudi nyumbani Malaba kutoka Kericho, alikokuwa akichuma majani chai, na begi moja na ndoo yenye vijiti viwili. Sukari ilikuwa imeanza kumharibu macho. Alisema vijiti vile ni azalea, kimoja cha maua meupe na kingine cha maua ya rangi ya waridi.

Mama alicheka. "Kwa jua hili letu? Umeniletea mgonjwa mwingine." Kisha akampokea ile ndoo.

Kijiti kimoja kilikauka, hatukujua ni kipi. Kile kingine tulikipanda ubavuni mwa jikoni, penye jua la asubuhi tu. Dada aliketi akinielekeza: nisichimbe chini sana, nichanganye udongo na majani yaliyooza, nimwagilie maji ya mvua, si ya kisima. Malori yaliyopanga foleni ya mpakani yalitutimulia vumbi, naye alipangusa jani moja moja kwa kitambaa kibichi. Kufikia wakati huo alikuwa haoni tena.

Mwaka wa tatu, mvua zilipoanza, ua la kwanza likachanua. Nikamshika mkono, nikampeleka. Akalipapasa kwa ncha za vidole.

"Ni lipi?"

"Jeupe."

"Basi la waridi ndilo lililokufa," akasema, na machozi yakamtoka.

Jioni Mama aliniuliza kwa nini sikumwambia ni la waridi.

Dada alifariki kabla mvua zile hazijaisha. Watu walijaa, wengine wakivuka kutoka Uganda. Wapishi waliweka mafiga ubavuni mwa jikoni, palipokuwa na kivuli. Mimi nilikuwa ndani, kando ya jeneza. Tulipomaliza kuzika nilikuta majani yamebabuka upande mzima na majivu yamerundikwa shinani.

Niliyazoa kwa mikono. Nikamwagilia maji ya mvua yaliyobaki pipani, nikakata matawi yaliyoungua. Majuma yakapita. Siku moja nilikwaruza gome kwa ukucha nikitafuta ubichi. Palikuwa pakavu mpaka chini.

Nikaenda kuchukua jembe. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Unataka kufanya nini?"

"Kuing'oa. Imekufa, Mama."

"Najua," akasema. "Lakini si leo."

Nikalirudisha jembe. Sijamuuliza tena, wala yeye hajaniambia ni siku gani.