Wanaotumia Bila Kusema

Kila Alhamisi saa nane mchana nilikuwa nafunga mlango wa ofisi yangu chuoni, nawasha kompyuta, na kukutana na watu ambao sijawahi kuwashika mkono. Wengine walikuwa wahandisi wa kampuni moja ya Ulaya. Wengine, kama mimi, walikuwa watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Pamoja tulikuwa tunatengeneza programu ya kuandikisha wagonjwa na dawa katika vituo vya afya. Ni programu huria, yaani maandishi yake ya ndani yako wazi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha, au kuyachukua akaenda nayo kwake. Kampuni inatoa wahandisi wake, sisi tunatoa jioni zetu na Jumamosi zetu, na mambo huamuliwa hadharani kwenye ukurasa wa majadiliano. Mkutano ulianza kwa kila mmoja kueleza alivyopumzika mwisho wa juma. Sehemu hiyo niliichukia kweli. Zamu yangu ikifika nasema, "Vizuri," kamera nimeizima ili mtandao usikatike.

Niliyokuwa naitunza ni sehemu inayoiwezesha programu kufanya kazi mahali pasipo na mtandao. Tuliianza watu watatu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, meza moja, tukigombana na kucheka. Mmoja akapata kazi Kinshasa. Mwingine alivuka mpaka na familia yake baada ya uwanja wa ndege wa Kavumu kufungwa kwa sababu ya vita, akasema ni kwa muda tu. Nikabaki na meza. Upweke wa kazi hii ni wa ajabu: unaamka na ujumbe chungu nzima kwenye simu, na huna hata mtu mmoja wa kumwita, njoo uone hapa nimekwama.

Alhamisi moja mhandisi mkuu wa kampuni, mwanamke mpole anayeomba radhi kabla ya kukohoa, alituonyesha mchoro. Ulionyesha ni sehemu zipi za programu zinatumika na zipi zimelala. Yangu ilikuwa mstari uliolala chini kabisa. Hakuna anayeitumia, alisema, na kuitunza kunachelewesha toleo jipya. Alipendekeza iondolewe.

Damu ilinichemka. Mchoro ule ulitokana na taarifa fupi ambazo kila mashine huzituma kwa kampuni kupitia mtandao. Sasa mashine isiyo na mtandao itatuma nini? Na hata zile za Katana, au za milimani Luhwindja, zikipata mtandao kidogo hutuma rekodi za wagonjwa tu, kwa sababu mimi na wenzangu ndio tuliowafundisha wauguzi kuzima mengine yote wasimalize mega za mtandao walizonunua. Nilieleza hayo, nadhani kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo siwezi kumnyima.

"Nakuamini," alisema, "lakini wewe ni mtu mmoja. Waambie waandike wenyewe kwenye ukurasa. Waseme wanavyoitumia na kinachowasumbua. Wakisema wao, hatuwezi kuiondoa."

Basi nikashika njia ya Katana. Muuguzi mkuu wa kituo kimoja upande ule, ambaye kila mtu humwita Maman Titulaire kwa cheo chake, alinipokea kwa chai ya maziwa na malalamiko.

"Papa, ile programme yako inanitesaka! Siku ya vaccin, bamama bakiwa bengi na batoto ba chanjo, inalala. Tarehe inajibadilikia yenyewe. Lakini ile wiki réseau ilipotea, kama haikukuwa ile programme, dawa zote tungeziandika wapi?"

"Maman, andika hivyo hivyo. Bale ba kampuni basome."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Weye papa! Mutu anakupa kitu bure, halafu unaandika mbele ya dunia muzima eti kiko kibaya? Ile si haya? Mi ninakuambia weye juu uko mutoto wa hapa. Bageni, hapana."

Nilimbembeleza. Nilimweleza kwamba wasipoandika, siku réseau, yaani mtandao, itakapopotea tena programu itakuwa kioo cheusi tu, na yeye atarudi kwenye karatasi zake. Mwishowe akaniahidi kwamba ataandika, na atawaambia na wenzake wa vituo vingine. Nilirudi mjini nimefurahi kama mtu aliyeposa akakubaliwa.

Na kweli waliandika. Waliandika wa Katana, wa Kavumu, hata wa Luhwindja ambako mtu hupanda kilima akiutafuta mtandao. Nilifungua ukurasa Jumatatu asubuhi. Zilikuwa barua, moja baada ya nyingine, kwa Kifaransa kilichopigwa pasi: tuna heshima ya kuwashukuru, programu inafanya kazi vizuri sana, hatuna malalamiko yoyote, Mungu awazidishie, nyinyi na familia zenu. Maman Titulaire aliwaalika wahandisi wote waje kula samaki kwake. Kuhusu ile wiki bila réseau, hakuna aliyegusia.

Nilicheka, kisha nikaipiga meza ngumi, kisha nikahuzunika. Niliwaelewa, na hilo ndilo lililoniuma. Kwetu lalamiko ni jambo la watu wanaofahamiana. Unamwambia mtu umekaa kwake, baada ya salamu, na heshima yake inabaki mahali pake. Kule kwenye ukurasa, anayelalamika ndiye anayehesabiwa kuwa yupo. Nilijaribu kutafsiri adabu yetu. Chini ya barua zile niliandika kwamba watu hawa wanaposema hawana malalamiko, wanayo mengi. Niliposoma nilichoandika, hata mimi nikaona nafanana na mtu anayewasingizia wenzake.

Mhandisi mkuu alijibu siku iliyofuata. Aliguswa sana, alisema, na alifurahi kwamba mambo yanakwenda vizuri. Kwa kuwa hakuna aliyetaja kufanya kazi bila mtandao, sehemu ile itaondolewa. Mimi aliniandikia pembeni, kwa upole wake uleule: pole, lakini uzuri wa programu huria ni kwamba unaweza kuchukua nakala ukaiendeleza mwenyewe. Uko huru.

Nikachukua nakala. Tangu hapo, kila mara kampuni inaporekebisha kitu kwao, mimi nakichukua, nakileta kwangu, naangalia kisivunje kingine, kisha navipelekea vituo toleo langu. Mikutano siingii tena. Hakuna tunachotengeneza pamoja. Sikujua kwamba ningewakosa watu wale. Alhamisi moja nilijikuta nimefunga mlango saa nane, nimekaa mbele ya kioo cha kompyuta, nina jibu zuri kabisa kuhusu mwisho wa juma langu, bila wa kumpa.

Juzi Maman Titulaire alinipigia simu.

"Papa, version mupya imefika. Réseau imepotea tangu jana, na iko inatumika tu! Ile ni kusema bale bazungu balisoma barua zetu?"

"Balisoma, maman. Bote."

"Unaona sasa! Na weye ulikuwa unataka tubatukane."

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Lakini alikuwa na furaha, na nyuma yake nilisikia watoto wachanga wakilia kwa sindano.

"Muko bangapi sasa mu ile kazi?" aliuliza.

"Tuko bengi, maman."

"Aksanti kwa Mungu. Mutu mumoja angechoka."

Akaanza kutuombea pale pale kwenye simu, sisi sote, kila mmoja na kazi ya mikono yake na nyumba yake. Aliomba kwa muda mrefu. Nilisubiri amalize, nikaitikia amina.