Roboti la Kukamua Shambani kwa Tjitske

Tangu alipoolewa na kuhamia shamba la kina Wobbe, nje kidogo ya mji wa Workum huko Uholanzi, Tjitske ndiye aliyekamua. Mumewe Wobbe alitengeneza jibini. Ng'ombe walikuwa wa Tjitske. Aliwajua kwa milio yao, nao walimjua kwa kishindo cha viatu vyake vya mbao. Kuliko wote alimpenda Baukje, ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe usoni, asiyekubali kuguswa na mtu mwingine. Wakati mmoja walileta mkamuaji wa kibarua, Baukje akampiga teke akakaa kwenye samadi. Tjitske aliwasimulia wageni kisa hicho kwa fahari.

Kisha jibini lao la karafuu likapendwa. Maduka ya mji wa Groningen yakaagiza, hata ya Ujerumani, na kazi ikamzidi Wobbe. Wakiwa jikoni na mkate wa sukari mezani, alimweleza mkewe kwamba wakinunua roboti la kukamua, yeye Tjitske atapata nafasi ya kusaidia kwenye jibini na biashara itakua. Tjitske alikubali. Moyoni alijiambia kwamba Baukje atalipiga teke hilo dude mpaka livunjike.

Baukje hakupiga teke. Roboti lilimwaga vidonge vitamu vya chakula mbele ya kila ng'ombe aliyeingia, na mkono wake wa chuma uliosha chuchu kwa maji ya vuguvugu. Haukupita muda, ng'ombe wakawa wanapanga foleni wenyewe, Baukje akiwa wa mbele. Alimpita Tjitske mlangoni kama anayepita nguzo.

Jirani yao Gosse alikuja kutazama. "Pole, mama," akasema. "Naona umeletewa mke mwenza. Na huyu halali, hazeeki, wala hanuni."

Tjitske alicheka naye, lakini wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wobbe alipotabasamu akisoma habari za roboti kwenye simu yake, yeye alikunja uso. Alikoroga maziwa ya jibini huku sikio likiwa bandani.

Hapo ndipo alipoanza kujaza vidonge mifukoni mwa aproni. Alisimama nyuma ya banda akamwita Baukje, naye akaja, akala kiganjani mwake, akabaki pale akikunwa shingo. Tjitske alijisikia mtu tena. Kesho yake akarudia, akaongeza vidonge. Ng'ombe aliyeshiba hakuwa na haja ya roboti. Simu ya Wobbe ilipoanza kutoa onyo kwamba Baukje hajakamuliwa, Tjitske alisema mashine ndiyo mbovu.

Kiwele cha Baukje kikavimba, kikawa cha moto. Daktari wa mifugo alimchoma dawa, na maziwa yake yakawa ya kumwagwa. Jioni hiyo Wobbe alimkuta mkewe ameinamia shingo ya ng'ombe, vidonge vikimdondoka mfukoni.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Alikuwa wangu, Wobbe. Wote walikuwa wangu. Wewe una jibini lako, unasifiwa mpaka Ujerumani. Mimi nimebaki na nini?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba nalionea wivu dude la chuma?"

Wobbe aliokota vidonge, kisha wakakikanda kiwele pamoja. Baukje alipona, ila chuchu moja ilikauka, na kila Tjitske alipoiona aliangalia kando.

Roboti halikuondoka. Majira ya vuli, mitamba waliozaa kwa mara ya kwanza walilikimbia, Wobbe akamwomba mkewe awazoeze. Tjitske alijua maana ya ombi hilo: awafundishe kuishi bila yeye. Hata hivyo alikwenda. Alisimama karibu na vichwa vyao akiwasemesha polepole, mpaka mkono wa chuma ulipomaliza kazi yake. Mtamba mmoja mwekundu hakukubali kuingia bila kumwona, na huyo Tjitske hakuwa na haraka ya kumzoeza.

Asubuhi moja yule mwekundu aliingia peke yake. Hakugeuka nyuma. Tjitske alisubiri mpaka maziwa yalipoanza kutiririka bombani, kisha akaenda kunawa mikono kwa maji baridi, akaingia kwenye chumba cha jibini, akachukua mwiko wa kukorogea bila kumwangalia Wobbe.