Mwendo wa Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue suruali. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina mke na watoto shuleni, na nilikuwa nimefika mjini Wote na koti na tai kwa sababu nilidhani nimepata kazi ya ofisi. Kabla ya hapo nilikuwa nikimshikia mpima ardhi mti wake wa kupimia kwenye mashamba ya Matiliku, na tangazo lilisema wanatafuta mtu anayejua vipimo. Mkurugenzi, kijana aliyekuwa amesomea mambo ya katuni Nairobi, aliniangalia juu chini, akanirushia nguo nyeusi ya kubana. "Kioko, hapa tunapima watu," akasema. "Na leo mtu ni wewe." Nilipotoka chooni nimeivaa, tumbo mbele na kila kitu kikionekana, nilitamani ardhi ipasuke.

Kazi yenyewe inaitwa kunasa mwendo, na kwa vile nyinyi vijana mnaona katuni kwenye simu bila kuuliza zinatoka wapi, wacha nieleze. Mtu anabandikwa vidoti, yaani vipira vya ukubwa wa gololi vilivyofunikwa kitambaa kinachong'aa kama kile cha jaketi za polisi wa barabarani. Kamera zinapangwa ukutani pande zote. Hazioni uso wala nguo, zinaona vidoti tu. Kamera mbili zikikiona kidoti kimoja, kompyuta inajua kiko wapi, vile vile tulivyokuwa tukipima kilima kwa kukitazama kutoka pande mbili. Vidoti vikiunganishwa vinakuwa mtu wa vijiti, halafu wachoraji wanamvika mwili wowote wanaotaka, awe askari, awe mbuzi. Kila asubuhi mmoja wetu alizunguka akipunga fimbo ya kupimia hewani, kona zote, ili kamera zielewane. Saa, miwani, sufuria, chochote cha kung'aa kilitolewa nje, la sivyo kompyuta ilikihesabu kuwa goti la mtu.

Baada ya Wote nilipelekwa Mtito Andei, ambako tulinasa madereva wa malori kwa ajili ya katuni ya usalama barabarani. Huko nilikuwa chini ya Fundi Mkuu wa Kamera, mtu mkali, mlokole, aliyetuombea kila asubuhi kisha akatutukana mpaka jioni. Yeye ndiye aliyenifundisha kusafisha mwendo, yaani kurekebisha vidoti vilivyopotea. Mkono ukificha kidoti, kamera zinakipoteza, na mtu wa kompyuta anaweza kubahatisha kilipita wapi. "Usibahatishe," alikuwa akisema. "Mrudishe dereva ashuke tena. Hiyo ni njia yake ya kushuka, si yako." Nilikaa mbele ya ile skrini mpaka nikaweza kumtambua dereva kwa vidoti pekee, huyu anaburuta kisigino, yule anashuka na bega kwanza. Nilijivunia sana jambo hilo. Kumbukeni nimelisema.

Baada ya miaka mingi ya kazi hiyo tukaenda Nuu, na Nuu ni kwao mke wangu, Mwende.

Mkurugenzi alitaka mwendo wa mama mzee aliyebeba mtungi wa maji mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba. Alikuwa anatengeneza katuni ya watoto, akasema, na alitaka kitu cha ukweli. Tukaazima ukumbi wa kanisa, kina mama wakaitwa. Mimi ndiye niliyetumwa kuwaelezea, kwa vile ni mtu wa lugha yao. Niliposimama mbele nikaona, mstari wa nyuma, leso ya kahawia ninayoijua. Mama mkwe wangu.

Kwetu kuna nthoni, heshima ya ukweni. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hamshiki mkono, hakai naye chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Watu wengi wa mjini wameiacha. Mimi sijaiacha. Kwa hiyo hotuba yote niliitoa nikiangalia mabati ya dari. Mama mmoja akauliza, "Na watu watatujua?" Nikamjibu dari, kwa sauti ya mtaalamu, "Mashine haioni uso, mama. Hata mtoto wako hatakujua."

Alipoitwa mama mkwe nilimwomba Msimamizi wa studio, dada mpole, ambandike vidoti yeye. "Mimi siwezi kumgusa," nikamwambia. "Ni mama wa mke wangu." Alinielewa. Nikakaa nyuma ya pazia na kompyuta yangu.

Wacha niseme ukweli hata kama uso unanishuka. Nilimwangalia. Kwenye skrini alikuwa vidoti tu, na vidoti nilijiambia si mtu. Niliona nyonga ya kushoto ikizama kila hatua, na kusimama kidogo kabla ya kuvuka kitu ambacho hakikuwepo sakafuni, pengine jiwe la njia ya kisima chao. Niliona mkono wa kulia ukienda nyuma mara kwa mara kushika chini ya mtungi, kama anayeshika mtoto asilale vibaya. Nilirudisha, nikaangalia tena. Ulikuwa mwendo mzuri kuliko yote niliyowahi kunasa. Niliusafisha wiki nzima bila kubahatisha hata kidoti kimoja, nikaupeleka kwa Mkurugenzi.

Miezi ilipita. Siku moja Mwende akanipigia simu akiwa kwao. Hakunisalimia. "Umemfanyia mama nini?" akauliza.

Katuni ilikuwa imetoka. Mwenye ule mwendo alikuwa fisi. Fisi mzee, mwenye leso, anayeiba mbuzi wa watu na kuwabeba mgongoni kwa kamba ya kichwani. Siku ya soko watu wa Nuu waliiona kwenye simu, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nyonga ilizama, fisi akasimama kidogo kabla ya jiwe, mkono ukaenda nyuma, na soko zima likasema jina la mama mkwe wangu. Watoto walianza kumfuata njiani wakizamisha nyonga. Aliacha kwenda kanisani. Kisimani alianza kwenda alfajiri, peke yake, mama wa umri ule.

Sasa nyinyi mtasema sikujua. Mimi, kati ya watu wote, ndiye niliyepaswa kujua. Miaka yote nikienda ukweni nilimtambua mama mkwe akiwa bado ng'ambo ya mto wa mchanga, kabla sijaona rangi ya leso yake. Nilimtambua kwa nini, kama si mwendo? Ndivyo mtu anavyopata nafasi ya kutoka njiani mapema. Uso wake siujui mpaka leo. Halafu nikasimama kanisani, mbele yake, nikaambia watu kwamba mtu asiyeonekana uso hajulikani. Nikikumbuka maneno yale naona joto masikioni, hata saa hii ninapoandika.

Nilienda Nuu. Nikasimama nje ya jikoni, nikiupa mlango mgongo. Mama mkwe alikuwa ndani, Mwende akasimama katikati, maana mimi na yeye hatuongei ana kwa ana.

"Mwambie mama nimekuja kwa yale ya simu," nikasema.

"Amesikia," Mwende akasema.

Kuni zilikuwa zikilia motoni. Kisha mama mkwe akasema, "Muulize, yeye mwenyewe aliniangalia kwa hiyo mashine?"

Mwende akanigeukia. Hakurudia swali.

"Mwambie niliangalia."

"Muulize, aliangalia sana?"

Nilikuwa na watoto wakubwa wakati huo, na mjukuu, na nilikuwa nikijibu kama mtoto wa shule. "Mwambie ndiyo. Sana."

Nilidhani ataniambia nisikanyage tena boma lake, na angekuwa na haki. Hatimaye akasema, si kwa hasira, na hilo lilinichoma zaidi, "Basi mwambie anitolee hiyo fisi."

Mkurugenzi hakunielewa hata kidogo. "Mzee, ni mwendo tu. Sura si yake. Na tulikubaliana nao vizuri."

"Mtolee mwendo wake."

"Hiyo imeshatoka, iko kwa simu za watu. Siwezi kuirudisha."

"Basi zinazokuja. Fisi apewe mwendo mwingine."

"Nani atatembea?"

"Mimi," nikasema. "Na tutanasa Nuu, kwenye ukumbi ule ule, madirisha wazi. Ukikataa, tafuta mtu mwingine wa kukusafishia vidoti."

Alikubali kwa sababu hakuwa na mtu mwingine. Kwa hiyo nikavaa tena ile nguo nyeusi, na tumbo sasa lilikuwa kubwa zaidi, mbele ya wakwe zangu wote. Walijaa madirishani. Mchungaji alipita, akageuza uso. Nilikuwa nimepanga kuigiza fisi, kuchechemea kidogo, kuinama. Nilitembea kwa kawaida mara moja tu, ili kamera zizoee, na Mkurugenzi akapaza sauti kutoka kwenye kompyuta, "Hapo hapo, Mzee! Usibadilishe kitu!" Magoti yangu yameharibika kwa kupiga magoti sakafuni miaka mingi nikibandika watu vidoti. Kumbe fisi alikuwa mimi bila kuigiza. Madirisha yalicheka mpaka nikahofia vioo vitapasuka.

Katuni zilizofuata zilitoka na fisi mwenye mwendo wangu, nami nikastaafu muda mfupi baadaye, macho yakiwa yamechoka. Hawakunifanyia karamu, nami sikuitaka. Siku hizi nasikia kamera za kisasa hazihitaji vidoti, zinakunasa ukipita barabarani na nguo zako. Mkifanya kazi hiyo, msimwambie mtu kwamba hatajulikana. Na ile katuni ya kwanza bado inazunguka kwenye simu, siwezi kuifuta. Kila ninapomwona mtoto ameinamia simu akicheka, nachungulia nione ni fisi yupi.

Mwaka huu tulienda Nuu, Mwende akatangulia mbele. Nilipofika karibu na kisima watoto waliniona kwa mbali, wakaanza: "Fisi! Fisi anakuja!" Wakajipanga nyuma yangu, wanakunja magoti, wanasukuma tumbo mbele. Sikuwafukuza. Kule mbele niliona nyonga ya kushoto ikizama, mkono ukienda nyuma ya mtungi, mchana, saa watu wote wako kisimani. Nikainamisha macho nitoke njiani, lakini mama mkwe alikuwa amenitambua kabla yangu, ameshaingia kichakani na mtungi wake. Nikapita na kundi langu la fisi wadogo, kichwa chini. Na nikamsikia pale kichakani, anacheka mpaka anakohoa.