Vioo Nilivyovisuuza kwa Maji ya Birika

Nilikuwa karani Kilindini, nikiandika shehena kutwa nzima, lakini roho yangu ilikuwa kwenye tagi zinazovuta meli. Nilitaka kushika usukani. Mwenye miwani hakuchukuliwa kazi hiyo, nami bila miwani simjui anisalimuye ng'ambo ya njia.

Fundi mmoja wa miwani akaniuzia vioo vidogo vya plastiki vya kubandika juu ya mboni. Unavivaa usiku ukilala, akasema, vinaikandamiza mpaka inabadilika umbo. Ukivitoa asubuhi, waona mwenyewe kwa saa kadhaa. Na kweli niliona. Sikumwambia mtu, hata mamangu niliyekaa naye Mji wa Kale. Nilitaka ajue siku nikipata kazi.

Alfajiri, msikitini, nilivitoa kabla ya kutawadha, nikavisuuza kwa maji ya birika, lile hodhi la kutawadhia. Maji yanayonitakasa kwa swala, nilidhani, yatadhuruje kioo? Ujinga wangu huo.

Siku moja jicho la kulia likaanza kukwaruza kama lina mchanga. Kesho yake likavimba, usaha ukagandisha kope. Mwanga ukinipiga, machozi yananitoka. Mama akiuliza, namwambia ni vumbi la bandarini. Siku ya nne nikaona doa jeupe katikati ya mboni. Nikamuaga Mama, eti naenda Malindi kikazi, nikajipeleka hospitali.

"Una kidonda juu ya mboni," daktari akasema. "Mbona umekawia hivi?"

Wakanilaza, wakanifunga macho yote mawili ili lile bovu litulie. Dawa kila saa, na sindano za jicho ambazo uchungu wake hausemeki. Wenzangu wodini waliletewa uji na mahamri na jamaa zao. Mimi nilisikia vijiko tu. Nilikuwa mpweke, jamani, nikalia humo humo ndani ya bendeji.

"Kaka, kwani huna mtu?" sista akaniuliza. Siku yangu ya sita wodini nikamtajia nyumba yetu, atume mtu.

Jioni mkono ukanishika, nikaujua. "Malindi ndiyo hapa?" Mama akasema. Akanilisha.

Jicho halikutolewa, alhamdulillahi, ila kovu limebaki na kwalo naona kivuli tu. Usukani sikuushika. Wewe uvaaye vioo hivyo, usivitie maji yoyote, hata yawe safi vipi. Jicho likiuma, vitoe, useme, uende hospitali siku hiyo hiyo. Daktari aliniambia ningekuja siku ya kwanza, ningepona. Siku hiyo ya kwanza Mama alikuwa chumba cha pili, anashona kofia, mlango u wazi.