Soksi Chini ya Kiti cha Pikapu

Aganetha Wiebe aliikuta soksi ile alipokuwa akisafisha pikapu ya marehemu mumewe. Ilikuwa soksi ya mtoto, ya njano, imejikunja chini ya kiti cha abiria pamoja na maganda ya mbegu za alizeti ambazo Abram alikuwa akizitafuna njia nzima. Akaishika kwa ncha za vidole kama aliyeokota mende.

Nyumbani kwao hapakuwa na mtoto. Wanawe wawili walihamia Bolivia na familia zao. Binti yake wa pekee, Greta, alitoroka miaka saba iliyopita na fundi seremala wa Kimexico, mtu wa nje ya jumuiya yao ya kanisa. Wazee wa kanisa wakamtenga, na Abram akakataza jina lake lisitajwe mezani. Tangu hapo Aganetha alilitaja zizini tu, akikamua, ng'ombe ndio wasikie.

Basi soksi ya nani?

Akaanza kuunganisha mambo. Kila Jumanne Abram alipeleka jibini mjini Cuauhtémoc, akarudi jioni mchangamfu, tena hana njaa. Enzi hizo Aganetha alifunika sahani na kushukuru kwamba mume hana makuu. Sasa lile neno "nimeshiba" lilimchoma. Nani alikuwa akimshibisha?

Hakumwamini mtu tena. Katharina, mke wa shemeji yake, alipomuuliza kanisani, "Mbona umekonda hivyo, dada?" Aganetha akaona ni kuchunguzwa tu: kumbe wote wanajua, wanapima kama na yeye ameshajua.

Funguo za pikapu zilikuwa kwa shemeji yake huyo, Kornelius, mdogo wake Abram. Kila Jumamosi alikuja kuwasha injini, ati isije ikafa, kisha akazitia mfukoni akaenda zake. Kwa daktari, dukani, mazikoni, Aganetha alipelekwa na yeye. Nani alipanga iwe hivyo, hakuna aliyekumbuka.

Jumamosi iliyofuata alimsubiri uani.

"Korni, kaka yako alikuwa akienda wapi Jumanne?"

"Si alikuwa anapeleka jibini?"

"Na baada ya jibini?"

Kornelius akajitia kukagua mkanda wa injini. "Shemeji, mtu keshalala. Mwache apumzike."

"Sijamwamsha. Nakuuliza wewe uliye macho. Kuna mwanamke?"

"Wewe nawe! Maneno gani hayo?"

"Basi nipe funguo."

Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hata sauti ameshaipandisha. Kornelius akazitoa, akaziweka juu ya boneti. "Chukua. Gari ni lako. Mbona hukuwahi kuziomba?" Akafika langoni, akasita, akasema bila kugeuka: "Nyuma ya stesheni ya reli, lango la kijani. Na mimi sijakwambia kitu."

Aganetha akazichukua funguo. Mbona rahisi hivi? Lazima ni mtego. Wanataka aonekane barabarani, mwanamke peke yake na kilemba chake cheusi nyuma ya usukani, wapate la kumshitakia kwa wazee. Kuendesha hakukumtisha, trekta aliendesha tangu msichana, na shambani hakuna aliyemsema. Barabara ya lami ndiyo ilikuwa ya wanaume.

Jumanne ya kwanza mvua ilinyesha. Ya pili ndama alikuwa anaharisha. Ya tatu kulikuwa na jua, ndama mzima, naye akakaa jikoni na kilemba kichwani, anasikiliza kama kuna mtu anakuja kumzuia. Hakuja mtu. Ndipo akatambua jambo lililomtia aibu: alikuwa anamtafuta wa kumkataza, na hampati.

Akatoka. Alipopita kwa Katharina aliona pazia likitikisika. Na watikise, alijiambia, akakanyaga mafuta. Njiani alipanga matusi, akayachambua, akabakiza yale makali.

Lango la kijani lilifunguliwa na mwanamke aliyekata nywele, amevaa suruali, mikono imejaa unga wa mikate ya tortilla. Matusi yakamkauka mdomoni. Nyuma ya yule mwanamke kitoto kilichungulia, kina masikio yale yale ya Abram.

"Mama?" Greta akasema.

Wakashikana hapo hapo langoni, unga ukampaka Aganetha mgongo mzima. Lakini hata supu ya tambi ilipoletwa, jicho lake lilikuwa linazunguka. Kiti kile cha kona, kilicholegea mgongo kama cha Abram kule nyumbani, alijua nani alikilegeza.

"Alikuwa anakuja?"

"Kila Jumanne. Nilimuuliza, 'Baba, Mama yuko wapi?' Akasema hujawa tayari, nisikulazimishe."

"Hajaniuliza!" Kijiko kikadondoka. "Miaka saba mimi nalia na ng'ombe, yeye anakuja hapa kula supu! Hajaniuliza hata siku moja!"

Greta akamtazama. "Na wewe, Mama, ulimwomba akulete?"

Aganetha akaokota kijiko, akakipangusa. Hakuomba. Usiku mwingi alilitunga ombi kitandani, akajijibia mwenyewe kwa sauti ya Abram, hapana, akalala. Na Abram pale ubavuni pengine alikuwa akiogopa kwamba mkewe ndiye atakayekwenda kumsema kwa wazee. Lakini hilo nalo alilitilia shaka. Huenda alipenda tu kuwa na kitu chake peke yake.

Wazee walikuja wiki ile ile, wawili, kofia magotini. Wakamwambia atubu kosa la kula na aliyetengwa, la sivyo asishiriki meza ya Bwana. Akawapa kahawa, akawaambia Jumanne atakuwa mjini. Kanisani benchi lake likawa tupu pande zote mbili, na hilo liliuma kuliko alivyotarajia. Kaburini kwa Abram, kwa hasira, hakukanyaga majira yote ya baridi.

Mwezi wa Machi, alipokuwa anatoka na pikapu, alimkuta Katharina kasimama kando ya barabara na kikapu.

"Unaelekea mjini, dada?"

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nataka kuchagua vitambaa bila Korni kunihimiza."

"Wazee?"

"Nimesema hakuna!"

Aganetha akamkazia macho. Hakuamini hata neno moja. Akajinyoosha, akamfungulia mlango.