Saa Niliyopewa kwa Sababu Mimi ni Mkenya

Nichekeni tu, ninastahili. Mimi ni muuguzi wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kimoja hapa Saint Paul, Marekani. Juzi skauti, yaani msaka vipaji, wa timu ya kulipwa alikuja na kamera kumpima mbio kijana wetu, ambaye kazi yake uwanjani ni kumvamia mrusha mpira na kumwangusha. Kocha akanipa saa ya kupimia mbio.

"Wewe Mkenya, mbio unazijua."

Nikaipokea, mimi ambaye hukimbilia basi la Brooklyn Center tu, na bado huniacha.

Kijana akachomoka. Jamani! Sijawahi kuona friji la milango miwili likikimbia vile. Ardhi ilitetemeka, nikainua mikono yote miwili, "Bwana asifiwe!"

Akarudi akihema. "Nimepata ngapi?"

Skauti akashika kalamu. Nikaitazama saa. Sifuri. Sikuwa nimeibonyeza.