Dimbwi la Mihogo

Mchungaji wetu akihubiri juu ya Mungu anayewalisha watu wake kwa maji, hakosi kutaja nyavu. Atataja ziwa la Mweru, mitumbwi ya kijiji cha Kabuta, samaki wanaoletwa kutoka kisiwa cha Chisenga, na kanisa zima litaitikia amina, hata sisi ambao mtumbwi tunauona kwa mbali tu. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya dimbwi la mihogo. Nadhani ni kwa sababu linanuka. Lakini nikijiuliza ni maji gani yamenilisha tangu tukimbie Kongo, jibu langu si ziwa. Ni lile dimbwi.

Liko kwenye kijito kinachoteremka ziwani, mwendo wa kuchosha kutoka makazi yetu ya wakimbizi. Muhogo wa huku ni mchungu, na uchungu wake hauishii kwenye ulimi. Ukiula kabla ya wakati unalewesha, unatapisha, unaua. Kwa hiyo wanawake huumenya, huutumbukiza majini na kuuacha humo mpaka ulainike, kidole kizame bila kulazimisha. Ndipo unavunjwavunjwa, unaanikwa, unatwangwa, na kuwa unga wa bukari, ugali wetu. Kila mwanamke ana sehemu yake kwenye kijito, ameizungushia vijiti, na hakuna anayegusa ya mwenzake. Unaweza kuacha chakula cha nyumba nzima porini bila mlinzi, na ukikirudia utakikuta. Nguo ulizoanika kambini, hiyo ni habari nyingine.

Biblia inasimulia watu waliotoka utumwani wakakuta maji machungu, mti ukatupwa ndani, maji yakawa matamu. Kwetu mambo yamegeuzwa. Mti ndio mchungu, na maji ndiyo dawa. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa nimesimama kwenye tope hadi magotini, na kila mara nashangaa kwamba Mungu aliweka sumu na dawa yake karibu hivyo, halafu katikati akaweka kungoja. Kungoja kwenyewe ndiko nisikokuweza. Mimi chungu kikichelewa kuchemka, naanza kukigombeza.

Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, ni kinyume changu. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa dimbwi, mimi nilikuwa mbebaji. Mvua zilipogoma, mwaka ule ambao mahindi yalikauka kabla ya kufika kiunoni, tulianza kugombana karibu kila siku.

Ziwa lilikuwa limefungwa, kama linavyofungwa kila mwaka ili samaki wazaane. Mume wangu huchuuza samaki kwa baiskeli, anawachukua Kabuta na kuwapeleka bara; sasa baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta na yeye ameegemea upande wa pili. Unga uliisha. Tulikula maembe, mabivu na mabichi, mengine tukayachemsha kwa chumvi, mpaka matumbo ya watoto yakaharibika na binti yangu mdogo akawa analia akiona embe tu. Chakula pekee tulichokuwa nacho kilikuwa kwenye dimbwi, na dimbwi lilikuwa linakauka. Mihogo ya juu ilikuwa imeanza kuchungulia nje ya maji, imepigwa jua, migumu kama ilivyoingia.

Kila asubuhi mama mkwe alishuka, akachagua muhogo mmoja, akaubonyeza kwa dole gumba.

“Bado. Iko nguvu mu kati,” alisema, akaurudisha.

Nilijua wengine walichokuwa wakifanya. Walikuwa wanautoa hivyo hivyo, wanaukata vipande vyembamba, wanauanika kwenye mawe na kujipa moyo kwamba jua litamaliza kazi. Asubuhi moja nilikwenda na kisu na beseni, na nilikuwa nimekwisha kuamua. Mama mkwe aliona kisu akaingia dimbwini na nguo zake, akasimama katikati ya mihogo.

“Mama, toka mu maji,” nilimwambia. “Batoto banalala na njala. Unapenda bakufe?”

Si maneno ya kumwambia mama wa mume wako. Nilitegemea anitukane, nami nilikuwa na jibu tayari. Lakini aliongea polepole, anaangalia maji.

“Njala haikuua mutoto yangu. Ni muhogo njo ilimuua.”

Sikuelewa. Mume wangu ndiye mtoto wake wa kwanza, ndivyo nilivyojua miaka yote.

“Mukubwa wa bwana yako,” alisema. “Bwana yako alikuwa angali mu mugongo. Tulikuwa tunakimbia vita. Tukakuta shamba ya bantu, tukatoa muhogo, tukatia mu maji usiku moja tu, juu bantu balikuwa banasema adui banakuya. Bon, nikapika. Yeye njo alikuwa analia sana, nikamupa mingi kupita bengine.”

Akainama, akauzamisha muhogo uliokuwa umechungulia nje. “Mungu alitupa muhogo, akatupa na maji. Mie njo nilikatala kungoja.”

Niliweka kisu chini. Nililia, na nilikasirika pia, kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa. Nilimwambia hapana, mama, wewe hukukataa kungoja, vita ndivyo vilivyokunyima nafasi ya kungoja, na Mungu anajua tofauti. Sijui kama aliniamini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemtetea Mungu kwa mdomo huku moyoni nikimwuliza kwa nini hakuyaharakisha yale maji, usiku mmoja tu, kwa ajili ya mtoto mmoja. Hadi leo nikiwa kwenye maombi huwa narudi kwenye swali hilo. Sijapewa jibu, na sipendi watu wanaonipa jibu upesi.

Lakini mihogo ilikuwa bado iko nje ya maji, na huzuni haijazi dimbwi. Mwanamke Mbemba, mwenyeji wa huku, mwenye sehemu ya jirani, alikuwa akituangalia muda wote huo. Hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni, ila kilio hakihitaji mkalimani. Alikuja na jembe lake, akapiga tope pembeni mwa dimbwi letu.

“Amenshi epo yali, mayo,” alimwambia mama mkwe. Maji yapo, mama.

Akanipa jembe. Nilichimba kwa hasira niliyokuwa nimekuja nayo, na nadhani hiyo ndiyo kazi pekee njema ambayo hasira yangu imewahi kufanya. Tope lilikuwa jeusi, zito, linanuka kama yai bovu. Kwanza hakikutoka kitu. Kisha pembeni pakaanza kulowa, pakatoa machozi kidogo, na shimo likaanza kujaa kutoka chini, taratibu, bila tone la mvua. Mbingu zilikuwa zimefungwa kama ziwa. Maji yalikuwa chini ya miguu yetu siku zote tulizokuwa tukiangalia juu na kuomba. Tuliihamisha mihogo humo, mmoja mmoja, tukaikandamiza kwa mawe izame yote.

Halafu tukangoja. Sitasema nilingoja vizuri. Nilirudi kwenye maembe, nilimgombeza mume wangu na baiskeli yake, niliwapeleka watoto kanisani mapema ili waimbe na kusahau matumbo. Lakini sikurudi dimbwini na kisu. Nilikwenda na mama mkwe, naye akaanza kunipa mihogo niibonyeze mwenyewe. Siku dole langu lilipozama hadi katikati nilimwangalia, naye akabonyeza palepale, akabonyeza na mwingine, ndipo akatikisa kichwa kukubali.

Siku ya kula bukari ya muhogo ule, nyumba nzima ilikuwa imekaa chini kabla chungu hakijatoka motoni. Tuliomba. Binti yangu akanyoosha mkono, na mama mkwe akausukuma pembeni kwa upole. Akamega tonge, akala peke yake, kisha akakaa, mikono mapajani, wakati sisi tunameza mate.

Alikuwa akifanya hivyo tangu nilipoolewa. Kila mara unga mpya wa muhogo ukipikwa, alikula kwanza na kutuweka tukisubiri, nami moyoni nilikuwa nikisema mama huyu anapenda sana ukubwa wake. Sasa nilimwona alivyokuwa anasikiliza tumbo lake na kichwa chake, mwanamke mzee aliyejiweka kati ya chungu na watoto. Aliogopa. Hata baada ya maji yote yale na maombi yote yale, bado aliogopa.

Nikanyoosha mkono, nikamega tonge na mimi, nikala. Alinitazama, hakunizuia. Watoto wakalalamika. Tukakaa hivyo sisi wawili, bukari ikipoa, tukingoja.